Sikukuu Zetu na Kazi za Mikono Yetu

Kila inapokaribia Idi, nyumba za Unguja na Pemba huingia katika harakati kubwa. Kuta hupakwa chokaa, watoto hushonewa nguo mpya, na majikoni huandaliwa vyakula vya kuwakirimu jamaa na majirani watakaokuja kupeana mkono wa Idi. Tangu Idi mosi hadi Idi nne mlango wa Mzanzibari huwa wazi, na mgeni hatoki bila ya kuonja halua na kahawa. Hii ni sifa njema ya visiwa vyetu, nasi twaomba idumu.

Lakini yafaa tuvitazame vitu vinavyozipamba karamu hizo. Katika nyumba nyingi mkeka wa ukindu umeondolewa, na mahali pake pametandikwa busati la plastiki. Kawa la ukili lililokuwa likifunika chakula cha wageni sasa huonekana zaidi katika maduka ya watalii kuliko katika nyumba zetu wenyewe. Na kofia, ambayo ndiyo taji la kanzu, mara nyingi imeshonwa kwa mashine katika nchi za ng'ambo. Hivyo fedha ya sikukuu huvuka bahari, ilhali jirani mwenye ujuzi wa kusuka na kushona hukaa na kazi yake ndani asijue ataiuza kwa nani.

Anayeishika kofia ya viua mkononi aghalabu hajui imegharimu nini. Kitambaa cheupe huchorwa nakshi, hutobolewa tundu moja moja, na kila tundu huzungushiwa uzi kwa sindano, mpaka kofia nzima ikamilike. Kofia iliyo nzuri huweza kuchukua miezi mitatu au minne, kwani mshonaji huishika baada ya kupika, kuchota maji na kulea. Mkeka nao una safari yake: ukindu hukatwa, huanikwa, hupasuliwa, hutiwa rangi na kusukwa ukili mrefu, kisha ukili huo ukashonwa upande kwa upande. Kazi hizi hazihitaji kiwanda wala umeme. Zinahitaji macho, vidole, subira, na mnunuzi.

Huyo mnunuzi ndiye aliyepungua. Mama anayeshona kijijini huhitaji fedha kabla ya sikukuu kama wahitajivyo wengine, naye hulazimika kumuuzia mchuuzi kwa bei anayoitaka mchuuzi. Kofia hiyo hiyo ikifika mjini, bei yake huwa nyingine kabisa. Binti anayemwona mama yake akiumiza macho miezi mitatu kwa malipo hafifu hawezi kulaumiwa akikataa kujifunza. Na ujuzi huu haukuandikwa katika kitabu. Mkono humfundisha mkono. Kizazi kimoja kikiuacha, hapatakuwa na wa kuurejesha.

Hatumlaumu baba mwenye watoto watano anayewanunulia kofia za bei nafuu ili nao wafurahi na wenzao katika viwanja vya sikukuu. Maneno yetu yanawahusu wenye uwezo. Anayeweza kununua kofia ya mkono aiagize mapema, tangu Mfunguo Nane, amlipe mshonaji sehemu ya fedha mbele, na amalizie siku ya kuipokea. Kwa njia hiyo mshonaji hatauza kwa dhiki katika kumi la mwisho la Ramadhani.

Lakini wanaopaswa kutangulia ni wakubwa wa Serikali. Katika Baraza la Idi, viongozi wetu hukaa safu kwa safu wakiwa na kanzu na kofia, na wananchi huwatazama. Tungependa kila kofia katika safu hizo iwe imeshonwa Unguja au Pemba. Aidha, wizara na mashirika hutoa zawadi kwa wageni na hupamba kumbi kwa ajili ya sherehe. Kwa nini zawadi hizo zisiwe mikeka, makawa na vikapu vilivyoagizwa kwa vikundi vya vijijini kupitia kwa masheha? Na zikiagizwa, zilipwe kwa wakati. Kikundi cha akina mama hakina akiba ya kuisubiri hundi inayozunguka maofisini miezi mingi.

Soko lipo. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000, na kofia ya Oman iitwayo kumma ina udugu wa karibu na kofia yetu. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku hapa kwetu kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo mwaka 2019, na jambo hilo lingelitosha kukirudishia kikapu heshima yake sokoni. Kinachokosekana ni mpango, na bei inayomfikia aliyefanya kazi. Biashara nayo isimamiwe, ili kofia ya mashine isiuzwe kwa jina la kofia ya mkono, maana udanganyifu huo humwibia mnunuzi na mshonaji kwa pamoja.

Mafundi nao wana wajibu wao. Ahadi ya Idi isitimizwe baada ya Idi, na rangi ya mkeka isitoke kwa kuoshwa mara moja. Mnunuzi aliyevunjwa moyo ni shida kumrejesha.

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Mafundi wetu wamecheza kwao miaka mingi; zamu ya kutunza ni yetu. Idi ijayo, mwenye nyumba anayewatandikia wageni mkeka uliosukwa na jirani yake atakuwa amewakirimu wageni wake, na amemkirimu jirani pia.