Mtungi Ulio Chini ya Kitanda Chako Si Teknolojia

Wasee, kuna upuzi unaingia huku kwetu Kisii na Nyamira na siwezi kunyamaza. Jamaa anachemsha maji ya kimea, yale matamu ambayo hayajatiwa hamira, anayamimina moto moto kwenye mtungi wa plastiki, anafunga kifuniko kabisa, anausukuma chini ya kitanda. Ati atatengeneza pombe mwezi ujao. Ametoa wapi hiyo? Kwa video.

Mtindo wenyewe ulivuma Australia, ambako maji ya kupozea sufuria ni ya kuhesabu. Sawa. Lakini hata huko mwenye akili anatia hamira mapema.

Nisikilize. Kuna kijidudu kinaitwa Clostridium botulinum. Kinakaa kwa udongo, na udongo hauachani na nafaka. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa tu. Zinataka nyuzi 121, joto la sufuria ya presha. Sasa Kisii mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwa nyuzi 94 hivi! Halafu unazifungia mahali pasipo hewa, pana uvuguvugu, ndani ya maji yenye pH ya 5 na kitu, na kijidudu chenyewe kinashindwa tu pH ikishuka chini ya 4.6. Umekijengea nyumba na kukilipia kodi. Sumu yake inaweza kukosa harufu na ladha. Unaanza kuona vitu viwili viwili, kope zinaanguka, kumeza kunakuwa shida, halafu pumzi. Ni nadra, nakubali. Mwambie hivyo aliyelazwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huyo jamaa ukimtajia busaa ya magokoro anacheka. Ati moshi, ati uchafu. Kwani magokoro huweka majimaji? Anakanda unga wa mahindi, anauacha uchachuke siku kadhaa, anaukaanga kwenye bati hadi uwe chenga za kahawia, anaanika. Wimbi analiotesha, analianika, analisaga. Hivyo viwili vinakaa kavu kwa gunia hadi siku ya kazi, na pasipo maji hicho kijidudu hakioti. Asidi nayo imeshaingia kwa unga kabla haujaguswa na moto. Na mbona kimea hakikaangwi kama unga? Kwa sababu moto ungeua ile nguvu yake ya kugeuza wanga kuwa sukari. Hakuna aliyemfundisha kwa ubao, lakini hakuna hatua hata moja hapo isiyo na sababu.

Wazungu wenyewe wanakausha maji ya kimea yakawa unga, wanayafunga kwa pakiti nzuri, na mko tayari kuagiza kwa bei ya mbuzi. Cha magokoro ndicho uchafu.

(Walio chini ya miaka 18, hii si yenu. Na anayetaka kuuza bila leseni, sheria ya 2010 inamngoja, iwe busaa au chang'aa.)

Kama lazima uweke majimaji, yagandishe kwa friza. Huna friza? Yatie hamira leo leo. Ama uende jikoni kwa magokoro, umbebee kuni, ukae chini uangalie bati, na simu uiache kwa mfuko.