Kuku hajui mpaka

Sisi watu wa pwani tukisikia majina ya Busia na Malaba, fikira zetu huenda moja kwa moja kwenye malori yaliyotoka bandarini Mombasa yakingoja kuvuka kuingia Uganda. Lakini anayeingia mitaani, nyuma ya barabara hiyo kuu, hukuta biashara nyingine isiyopimwa kwa tani: kuku wa kienyeji, waliofungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini kwenye baiskeli. (Ubebaji huo ni ukatili mtupu, na bahati mbaya hata huku kwetu upo.)

Kwa Wakhayo, Wasamia, Wamarachi na Wateso wa upande huo, kuku ni heshima ya mgeni. Zaidi ya hayo, kuku ni akiba ya mama wa nyumbani. Ng'ombe ni wa mzee, lakini kuku ni wake yeye. Mtoto akirudishwa kutoka shule kwa deni dogo, au akiamka na homa, jogoo huuzwa asubuhi hiyo hiyo. Basi kuku kumi wakifa katika wiki moja, nyumba hiyo imepoteza akiba yake yote.

Nao hufa kweli. Adui mkubwa ni kideri, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita pia mdondo. Maradhi haya yalitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na hapa Kenya yameandikwa tangu 1935. Kuku huzubaa, mabawa hulegea, huhara kijani, huhema kwa taabu, na mwingine hupinda shingo. Akishaugua hakuna dawa ya kumponya. Watu wengi husema ni upepo wa msimu, wakakunja mikono.

Hapo ndipo lilipo neno langu. Mwenye kuku akiona mmoja amezubaa, huwakamata waliobaki upesi akawapeleka sokoni kabla hawajawa vibudu. Mnunuzi hufurahia bei, akaenda kuwachanganya na wa kwake, na maradhi yakapanda baiskeli hadi kijiji cha pili. Mji wa Busia umekatwa na mpaka, nusu Kenya nusu Uganda, na njia za panya hazihesabiki. Virusi havigongi muhuri.

Mtu ataniambia: mama huyo afanye nini, awaangalie tu wakifa? Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Lakini yamkini na yeye aliletewa maradhi kwa mlango huo huo, na jirani aliyefanya hesabu kama yake. Tena sisi Waislamu tunakijua vizuri kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, akakuta chini kumelowa. Kuku aliyelala na wagonjwa kisha akauzwa kwa jina la mzima, ana tofauti gani na chakula kile?

Kuna jambo jingine la dini linalofaa kukumbukwa hapa. Kuku anayekula najisi jalalani, wanazuoni wetu wamelizungumza suala lake zamani, na imepokewa kuwa Ibn Umar alikuwa akimfungia siku tatu kabla ya kumla. Waama, anayefuata ada hiyo ameshazoea kumtenga kuku. Kwa kuku mgeni wa kufugwa, azidishe tu siku: wiki mbili katika tenga lake, na chombo chake cha maji, kabla hajaonana na wenyeji.

Chanjo yenyewe ipo, na taasisi ya KEVEVAPI huitengeneza hapa hapa Kenya. Ni tone moja la jichoni, likarudiwa kila miezi mitatu au minne, kwa kuku wazima tu. Tatizo ni kwamba chupa moja huwa na dozi mia au zaidi, na ikishachanganywa ni ya kutumiwa saa zile zile. Mama mwenye kuku wanane atainunulia nini? Nyumba kumi na tano zikichanga, bei kwa kila kuku huwa kitu kidogo. Mmoja huifuata chupa dukani, akaibeba ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na kuku hukamatwa alfajiri kabla hawajafunguliwa. Tanzania hutumia pia aina iitwayo I-2, inayostahimili joto zaidi, jambo kubwa kwa vijiji visivyo na jokofu.

Mwezi Januari 2017 homa ya ndege ilipothibitishwa Uganda, Kenya ilipiga marufuku kuku na mayai kutoka huko. Amri ilikuwa ya lazima, sikatai. Lakini kideri hakina amri yake, nacho hurudi kila mara. Tangu Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili, na maofisa wa forodha wakakaa chini ya paa moja. Maofisa wa mifugo nao washindwe nini kutangaza siku moja ya chanjo, Busia hii na Busia ile, kabla ya pilikapilika za Desemba wakati kuku wanapobebwa kwa wingi kila upande?