Picha Iko Mkoani, Gari Liko Tabata: Nani Analilinda?

Meli ikifunga gati Mkoani msimu wa Idi, kabla hata mabegi hayajashuka, simu zote ziko juu. Selfi, bahari nyuma, lokesheni imewekwa, na maneno yake: Pemba wiki nzima, tusitafutane. Na hao hao ndio waliokesha njiani wamekumbatia mabegi wakiogopa vibaka. Kichekesho kweli.

Hofu imewekwa pasipo pake. Gari likiibiwa Mkoani litapelekwa wapi? Barabara zote za Pemba zinaishia baharini, na kulitoa kisiwani kunataka meli, bandari na makaratasi. Gari la bara lenye namba ya T linajulikana kwa mbali katikati ya namba za Z, na watoto wa mtaani watakwambia limepita saa ngapi na limeelekea wapi. Wadokozi wapo, asikudanganye mtu. Simu iliyoachwa kwenye dashibodi na kioo kiko wazi itaondoka, kama inavyoondoka popote. Lakini gari zima? Labda lipae.

Kazi iko Dar. IST imeegeshwa uani Tabata, vumbi limelala juu ya bodi siku ya tano, geti lina kufuli kwa nje, na taa ya barazani inawaka mchana kweupe. Mwenyewe anaamini ile taa ni ulinzi. Taa inayowaka saa saba mchana inamwambia mpita njia kitu kimoja tu: humu hamna mtu. Status ya WhatsApp inamalizia kwa kutaja tarehe ya kurudi.

Tena gari hilo mara nyingi si la kutambia. Ni la mkopo, linapiga teksi mtandao, ndilo linalolipa kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Likichomolewa vioo vya pembeni, taa na kontroboksi, rejesho la mkopo halisubiri. Na wengi wamekata bima ndogo, ile ya kumnyamazisha trafiki. Bima ndogo inalipa hasara ya mtu mwingine. Gari la mwenye bima likiibiwa, hapati hata mia. Inayogusa wizi ni bima kubwa, na masharti yake yanasomwa kabla ya kukata tiketi ya meli. Kuyasomea kituoni wakati wa kuchukua RB ni kuchelewa.

Mastaa wenyewe yamewakuta. Oktoba 2016 staa mmoja mkubwa wa Marekani aliporwa vito vya mamilioni ya dola akiwa Paris, na mmoja wa waliohusika aliwaambia polisi kwamba mtandaoni kulikuwa na kila kitu, hadi muda ambao angekuwepo. Mwaka 2025 mahakama ya Paris iliwatia hatiani watu wanane. Yule alikuwa na mlinzi wa kulipwa. Mtu wa Tabata ana kufuli la Mchina.

Sasa watu wasiposti? Waposti, ila wakisharudi. Picha ya bahari haichachi.

Kamera na treka ni vitu vizuri kwa mwenye hela. Asiye nayo achonge namba za gari kwenye vioo na taa, maana spea yenye namba ya mtu haiuziki kirahisi. Afungue waya wa betri pia. Gari haliwaki hivi hivi, na betri haitakufa kabla hajarudi.

Lakini kubwa zaidi ni majirani. Mkoani mgeni akishuka, kabla ya magharibi baraza zima linajua ni mgeni wa nani, na sheha anamjua mwenyeji wake. Vijana wa Dar wakifika wanausifia sana huo usalama. Kwao, jirani wa ukuta mmoja hawamjui hata jina, na mjumbe wa shina wanamkumbuka siku ya barua ya utambulisho. Huyo jirani akiachiwa ufunguo wa geti, awe anazima taa asubuhi, anafuta vumbi kwenye gari na kupiga simu akiona mtu asiyemwelewa, kazi ya mlinzi imefanyika. Akiletewa kilo mbili za halua ya Pemba, bado ni nafuu kuliko kioo kimoja cha pembeni.