Mgonjwa Akirudishwa Nyumbani, Nani Analipa?

Bajeti ya afya ikibanwa, huduma shufaa huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuguswa. Hii ni huduma ya kumtuliza maumivu mtu ambaye ugonjwa wake hauponi, pamoja na kuwashika mkono jamaa zake. Wanaoipunguza wana hoja zao, nazo zikisemwa ofisini huvutia. Tuzipime moja moja tukiwa Isiolo, Kenya.

Dai la kwanza: "Kumtunza mgonjwa nyumbani ni nafuu."

Ni nafuu kwa hospitali. Kitanda kimeachwa wazi, lakini mgonjwa bado anahitaji kugeuzwa, kuoshwa vidonda, kulishwa na kukeshewa. Kazi hiyo humwangukia mke au binti, ambaye pengine alikuwa anauza maziwa ya ngamia mjini na sasa hawezi kutoka. Glavu, nepi za watu wazima na nauli hulipwa kwa kuuza mbuzi. Mbuzi hao hawaonekani katika hesabu za mtu yeyote, ndiyo maana mpango mzima unaonekana kuokoa fedha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Dai la pili: "Muuguzi mmoja anatosha kuwazungukia wote."

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika Kaunti ya Isiolo, yenye zaidi ya kilomita mraba 25,000. Hao ni watu kama 11 kwa kila kilomita mraba. Kutoka mjini hadi Merti au Sericho ni safari ya kutwa kwenye njia mbovu, na mvua ikinyesha huenda usifike. Tena wafugaji huhama: ukame wa 2020 hadi 2023 uliwasukuma wengi mbali na maboma yao. Huku, ukiondoa fedha za mafuta ya gari umeondoa huduma yenyewe, hata kama muuguzi bado analipwa mshahara.

Dai la tatu: "Wahamasishaji wa afya ya jamii watalibeba jukumu hili."

Serikali iliwazindua wahamasishaji hao, zaidi ya 100,000 nchini, Septemba 2023. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wana mashine ya kupima shinikizo la damu na kipimo cha sukari, na wanawajua watu wa mtaa wao. Wanaweza kuona kwamba mgonjwa anaumia na kutoa taarifa. Kumwandikia dawa kali ya maumivu hawaruhusiwi. Taarifa yao ina faida iwapo tu kuna wa kuipokea.

Dai la nne: "Dawa zenyewe ni ghali na zinaleta uraibu."

Mofini ya kunywa si ghali. Unga wake huyeyushwa katika maji, hutiwa kihifadhi, na mgonjwa hunywa kipimo chake kila baada ya saa nne. Humfunga choo, kwa hiyo hupewa pamoja na dawa ya kulainisha. Muuguzi aliyefunzwa huanza na kipimo kidogo na kukiongeza kadiri maumivu yanavyodai. Ikitolewa hivyo kwa anayeumwa saratani, hofu ya uraibu isiwe sababu ya kumnyima. Uganda, iliyoanza huduma shufaa kwa hospisi ya Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini tangu 2004. Kinachogharimu ni mtu wa kuifuatilia, na huyo ndiye anayepunguzwa.

Dai la tano: "Ziachieni kampuni binafsi, zina ufanisi."

Marekani imejaribu. Tangu 1983 bima ya serikali ya Medicare inalipia hospisi, kwa kawaida kiasi maalumu kwa kila siku ya mgonjwa, awe ametembelewa siku hiyo au la. Kwa mpango huo, kila ziara isiyofanyika ni faida. Leo hospisi nyingi za huko ni za kibiashara, ilhali vuguvugu la hospisi lilianza na watu wa kujitolea. Tukitaka kampuni ziingie, tulipie ziara zilizofanyika.

Dai la sita: "Wafadhili watajaza pengo."

Huduma nyingi za majumbani Kenya zilikua pamoja na vita dhidi ya UKIMWI, kwa fedha za Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 amri ya Rais Donald Trump ilisimamisha misaada ya nje, na katikati ya mwaka huo shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limevunjwa. Pengo lenyewe limetoka kwa wafadhili.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na hakimwondoi asiyepona. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Kwenye vikao vya kukusanya maoni ya umma, wakazi wa Isiolo waulize mambo matatu: mafuta ya gari la huduma shufaa yametengewa kiasi gani, mofini itatoka wapi, na ni wauguzi wangapi watakaoipeleka. Wakijibiwa kwamba familia zitasaidia, wadai msaada huo pia uandikwe kwa shilingi.