Mtoto wa Askari Anapochagua Kalamu

Katika nyumba nyingi za askari mjini Juba, mtoto amalizapo sekondari baba huwa amekwisha kumchagulia kazi moyoni: udaktari, uanasheria, uhandisi, au kuvaa sare kama yeye mwenyewe. Siku kijana anapotamka, "Baba, nataka kusomea uandishi wa habari," nyumba hunyamaza. Baba huona mwanawe amejiunga na watu wanaotafuta makosa ya wakubwa. Mama huwaza risasi na mahabusu. Jambo hili halifai kukatwa kwa amri moja. Linafaa kupimwa.

Hofu ya mama ina msingi. Mwezi Januari 2015 waandishi watano waliuawa katika shambulio la kuvizia huko Bahr el Ghazal Magharibi, wakiwa safarini na msafara wa kiongozi wa wilaya. Mwezi Julai 2016 Alfred Taban, mhariri wa gazeti la Juba Monitor aliyewahi kuwa mwakilishi wa BBC mjini Khartoum, aliwekwa kizuizini baada ya kuandika maoni yake kuhusu viongozi wa nchi. Aliachiliwa, akaendelea na kazi, akafariki mwaka 2019. Mzazi asifichwe mambo haya, na kijana asiyafiche. Ajuaye hatari ya njia hujiandaa kabla ya kuondoka.

Lakini baba naye ana la kukumbuka. Tarehe 8 Julai 2016 viongozi wa juu walikuwa ndani ya Ikulu ya Juba, na waandishi wa habari wamekusanyika humo humo kusubiri kuzungumza nao. Ikaenea mtandaoni habari kwamba mmoja wa viongozi hao amekamatwa. Haikuwa kweli. Jioni ile ile walinzi wa pande mbili walirushiana risasi nje ya Ikulu, na mji ukaingia katika siku nne za vita. Sababu za mapigano yale zilikuwa nyingi, na watu hawakubaliani juu yake. Hata hivyo wengi huitaja habari ile ya uongo miongoni mwake. Waliolala chini ya vitanda siku zile, wake na watoto wa askari, wanajua bei ya neno lisilothibitishwa.

Na askari hufahamu somo hili kabla ya mwandishi. Mtu wa doria akirudi na kusema adui ni kumi, naye hakuhesabu, anawapeleka wenzake kuzimu. Kamanda humwuliza: umewaona mwenyewe, au umeambiwa? Wapi? Saa ngapi? Maswali hayo ndiyo yanayofundishwa siku za mwanzo katika darasa la uandishi wa habari: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, na vipi. Mwanafunzi hufundishwa kutotegemea mdomo mmoja, kumsikiliza pia anayetuhumiwa, na kutenganisha habari na maoni.

Wapiganaji wa zamani watakumbuka pia Redio SPLA, iliyoanza kutangaza kutoka Ethiopia mwaka 1984 chini ya Atem Yaak Atem, ikanyamaza mwaka 1991. Walioisikiliza porini hawahitaji kuelezwa kwamba sauti ni silaha. Tofauti ni kwamba mtangazaji wa vita huhudumia upande wake, na mwandishi wa amani huhudumia raia wote, awe wa kabila lake au la jirani. Kugeuka kutoka hapo kufika hapa kunahitaji shule.

Masomo yenyewe yana matawi mawili. Uandishi wa habari ni kukusanya, kuandika, kuhariri na kutangaza. Mawasiliano ya umma ni shamba pana zaidi: namna ujumbe wa chanjo, kilimo au uchaguzi unavyowafikia watu wengi, uhusiano mwema wa ofisi na wananchi, matangazo ya biashara, na filamu. Katika nchi ambayo takwimu za mwaka 2009 zilionyesha kwamba asilimia 27 tu ya watu wazima walijua kusoma, mwanafunzi asiyejifunza redio amejifunza nusu ya kazi. Hufundishwa sheria vilevile: ibara ya 24 ya Katiba ya Mpito ya 2011, inayotaja uhuru wa kutoa maoni na wa vyombo vya habari, na sheria za vyombo vya habari za mwaka 2013. Polisi naye akizisoma, ugomvi wa kamera barabarani utapungua.

Mahali pa kusomea papo. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa mwaka 1975, kikahamishiwa Khartoum wakati wa vita na kisha kurejea, hufundisha mawasiliano ya umma. Wenye uwezo wa safari huenda Makerere, au Nairobi, ambako shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu ilianza mwaka 1970. Dar es Salaam nako chuo kilichoanza mwaka 1975 kiliunganishwa na Chuo Kikuu mwaka 2003. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, kijana mwenye Kiarabu cha Juba, Kiingereza na Kiswahili ana mlango ambao wenzake wengi hawana.

Mzazi afanye nini basi? Kabla ya kulipa karo, na aende mwenyewe chuoni kuuliza kama cheti chao kinatambuliwa na Serikali, kama kuna studio ya kujifunzia, na wanafunzi hupelekwa wapi kwa mazoezi. Kwa miezi mitatu kijana asikilize taarifa ya habari kila jioni, aiandike kwa maneno yake, kisha amsomee mama. Akichoka wiki ya pili, karo imeokolewa. Binti apewe mtihani huo huo bila kupunguziwa wala kuongezewa.

Akishinda, baba ampe wosia ambao mkufunzi yeyote angeupokea: usiseme ulichoambiwa kana kwamba umekiona. Njia ya mwongo ni fupi, lakini katika mji kama Juba huweza kupita juu ya miili ya wengi kabla haijafika mwisho.