VITA VYA BURUNDI: CHANZO, ATHARI NA FUNZO KWETU

 

 

Jioni moja mwaka huu, baada ya sala ya Magharibi, watoto wawili wa madrasa yetu waligombania msahafu. Mmoja akamwambia mwenzake: "Nyie wa kuja tu, rudini kwenu!" Watoto wengine wakacheka. Na sisi walimu tuliokuwa barazani tulitabasamu, tukaona ni utani wa kitoto. Yule aliyeambiwa hakujibu kitu. Aliufunga msahafu, akaurudisha mahali pake, akaenda zake.

Utani wa makabila tunaujua na tunauheshimu. Mtani anakuchokoza leo, kesho ukifiwa ndiye wa kwanza kufika kusaidia kazi za msiba. Lakini neno "rudini kwenu" si utani. Tulipotafakari usiku ule tuliwakumbuka jirani zetu wa Burundi, na tukaona haya. Kwa hiyo makala hii ni ya kumwomba radhi mtoto yule, na pia kueleza kwa nini tunamwomba radhi.

CHANZO CHA VITA

Burundi si nchi ya mbali. Malori ya mizigo yanayopita Singida mjini kuelekea Nzega na Kahama, mengine safari yao huishia huko. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba Wahutu na Watutsi walipigana kwa sababu ni makabila mawili tofauti. Ukweli ni kwamba wote wanazungumza Kirundi, na wameishi katika vilima vile vile kwa karne nyingi. Sisi hapa Mtinko tuna Wanyaturu, Wanyiramba, Wabarabaig, Wasukuma na wengineo, na lugha zetu hazifanani, lakini tunauziana alizeti na vitunguu kwa amani. Basi tofauti ya watu peke yake haileti vita.

Kilicholeta vita ni mambo mawili yaliyokutana: dharau na mgawo usio wa haki. Wakoloni wa Kibelgiji waliwagawa watu kwa madaraja, wakawapa wachache utawala na elimu, na wengi wakaachwa nyuma. Alitokea mtu aliyetaka kuwaunganisha. Huyu ni Louis Rwagasore, mtoto wa mfalme, ambaye alioa mwanamke wa Kihutu. Chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, na miongoni mwa waliomuunga mkono walikuwa Waswahili wa mji wa Bujumbura. Tarehe 13 Oktoba 1961 aliuawa kwa risasi, kabla nchi haijapata uhuru wake tarehe 1 Julai 1962.

Kuanzia mwaka 1966 hadi 1993 Burundi iliongozwa na marais watatu mfululizo, wote wanajeshi, wote Watutsi na wote wa mkoa mmoja wa Bururi. Jeshi, vyeo na nafasi za masomo ya juu vilielekea upande mmoja. Mwaka 1972 yalitokea maasi ya Wahutu kusini mwa nchi, na Watutsi wengi wakauawa. Jeshi lilijibu kwa kuua Wahutu wengi mno, zaidi ya laki moja. Waliotafutwa hasa ni wale waliosoma: walimu, wafanyakazi wa serikali, hata wanafunzi waliochukuliwa madarasani. Wazazi wengi wa Kihutu wakaogopa kupeleka watoto shule, maana kalamu iligeuka kuwa sababu ya kifo.

Mwezi Juni 1993 ulifanyika uchaguzi wa vyama vingi, akashinda Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuwa rais. Alikaa madarakani miezi mitatu tu. Tarehe 21 Oktoba 1993 askari waasi walimuua. Kwa hasira, Wahutu katika vilima vingi wakawaua jirani zao Watutsi, na jeshi likawaua Wahutu. Hapo ndipo vita vilipoanza.

ATHARI ZAKE

Vita hivyo vilidumu zaidi ya miaka kumi, na inakadiriwa kuwa watu wapatao 300,000 walipoteza maisha. Mamia kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakaishi katika kambi za Kigoma na Kagera. Wenzao wa mwaka 1972 walikwishatangulia, na walikuwa wakilima katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya 160,000 kati ya hao. Waliochagua kurudi Burundi, wengi walikuta mashamba yao yanalimwa na watu wengine kwa miaka mingi. Hivyo hata bunduki zilipokimya, kesi za ardhi ziliendelea.

Mwalimu Nyerere alisimamia mazungumzo ya amani mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, na Nelson Mandela akayaendeleza. Mkataba ulisainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Tuzingatie jambo moja: mkataba ule haukuishia kuwaambia watu wapendane. Ulipanga mgawo, na ndani yake upo utaratibu kwamba katika jeshi upande wowote usizidi nusu. Waasi wa mwisho walisaini kusitisha vita Dar es Salaam mwaka 2006. Hata hivyo, mwaka 2015 mgogoro wa muhula wa tatu wa rais ulizuka, na watu walikimbia tena kwa maelfu.

WALIOKATAA KUGAWANYWA

Tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia alfajiri katika seminari ya Buta, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wale walikataa, na arobaini kati yao wakauawa. Hao hawakuwa Waislamu, walikuwa Wakristo. Tumeona tuwataje hapa kwa sababu walikuwa na umri wa ndugu zenu wakubwa, na jambo lililo jema husemwa kuwa ni jema, kalifanya nani.

Na Bujumbura kuna mtaa uitwao Buyenzi, wenye Waislamu wengi wanaozungumza Kiswahili. Mitaa mingine ilipobaki na watu wa upande mmoja tu, Buyenzi waliendelea kuishi pamoja, na wengi walipata hifadhi humo. Nao haukusalimika kabisa, maana mwezi Machi 1995 ulivamiwa pamoja na jirani yake Bwiza. Lakini unakumbukwa kama mtaa ambao watu wake hawakukubali kirahisi kuulizana kabila.

FUNZO KWETU

Wanafunzi wetu, mmehifadhi Suratul Hujuraat. Aya ya 11 inatukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na aya ya 13 inatueleza kwamba makabila yamewekwa ili tujuane. Abu Dharr (R.A.), sahaba mkubwa, alipomtia mtu aibu kwa sababu ya mama yake, Mtume (S.A.W.) alimkemea kwamba bado ndani yake mna mabaki ya ujahilia. Ikiwa sahaba alikemewa, sisi tuliotabasamu barazani tutasema nini?

Lakini tusiwalaumu watoto peke yao. Kama tulivyoona, ulimi ni nusu ya jambo, na nusu nyingine ni mgawo. Je, watoto wanaosoma mbele ya wageni siku ya Maulid si wa nyumba zile zile kila mwaka? Je, mtoto wa aliyehamia juzi hupewa msahafu mzima, au huachiwa ule uliochanika? Maswali haya ni yetu walimu na nyinyi wazazi, na majibu yake watoto wanayajua kabla yetu.

Kwa hiyo tumeazimia mambo mawili. Wasomaji wa Maulid ijayo watachaguliwa kwa kusikilizwa mbele ya darasa zima. Na neno "rudini kwenu" likisikika katika madrasa hii, somo litasimama mpaka lirekebishwe, hata kama aliyelisema ni mtoto wa mwalimu.

Nawe mwanafunzi wetu uliyeufunga msahafu ukaondoka, tunakuomba radhi. Hapa ni kwenu.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) awape jirani zetu wa Burundi amani ya kudumu, na atulinde sisi na fitina za ndimi zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.