Kujisaidia Ndiyo, Kujitenga Hapana



Wengi wetu tulioingia kazini tukiwa vijana sasa tumepita miaka arobaini. Hali zetu tunazijua. Macho hayasomi tena namba ndogo za mashine. Baada ya zamu ya usiku mgongo unauma, na usingizi wa mchana haurudishi nguvu kama zamani. Nyumbani watoto wako sekondari, na wazazi wetu kule mlimani wanangoja pesa za dawa. Kazini kijana aliyeajiriwa juzi anatupita mbio, na msimamizi anaona.

Kwa mama na dada zetu kuna jambo jingine ambalo tunaona haya kulisema mikutanoni. Mwanamke anapofikia umri wa kukoma hedhi, anaweza kushikwa na joto la ghafla, jasho na kukosa usingizi kwa miezi au miaka. Hayo si uvivu. Ni maumbile. Lakini mchuma chai aliyekesha usiku kucha hupimiwa majani yake sawasawa na msichana wa miaka ishirini, na akipungukiwa huambiwa amechoka kazi.

Katika mambo haya yote tunapewa dawa moja tu: jisaidie mwenyewe. Redio inasema hivyo, na vitabu vya kubadili maisha vinasema hivyo. Hata waajiri wamelipenda neno hilo. Jipange, fanya mazoezi, acha pombe, anza biashara ndogo, usimtegemee mtu.

Sisi hatulidharau neno hilo. Mwenye kuacha pombe akalipa karo ya mtoto amefanya vema. Tena hakuna wa kumfundisha mfanyakazi wa Bujumbura kujisaidia. Nchi yetu ilipowekewa vikwazo vya uchumi tangu mwaka 1996 hadi 1999, mshahara haukufika katikati ya mwezi, na bado tuliishi. Kiwanda cha nguo cha Cotebu kilipofungwa, watu wa umri wetu waliokuwa na ujuzi wa miaka mingi walijikuta nje ya lango, kila mmoja akitafuta riziki kivyake. Kwa hiyo hatuulizi kama mfanyakazi ajisaidie. Tunauliza: je, anaweza kuvuka umri huu kwa kujisaidia peke yake?

Tutoe kisa kimoja. Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja yeye wala kiwanda chake, alikuwa mfano kwetu sote. Alipofika miaka arobaini na mitano aliacha sigara, akanunua cherehani, akashona jioni baada ya kazi. Hakuja mikutanoni. Alisema maneno mengi hayajazi chungu. Alipofika miaka 60 alikwenda INSS kuomba pensheni yake, akaambiwa kuwa miaka mingi ya michango haionekani. Kila mwezi alikuwa amekatwa kwenye mshahara, lakini pesa haikufika. Karatasi za mshahara alikuwa amezitupa, na mwajiri alikuwa amekwisha kuuza kiwanda. Ndugu yetu alijisaidia kwa kila kitu, isipokuwa kuuliza.

Angaliuliza akiwa na miaka arobaini na mitano, pamoja na wenzake hamsini, wakati ungalikuwapo na mwajiri angalikuwapo. Hilo ndilo tunalotaka mlishike. INSS ipo tangu mwaka 1962. Pensheni si sadaka ya mtu. Ni mshahara wetu uliowekwa kwa ajili ya siku za uzee, nasi tuna haki ya kujua kama kweli umewekwa.

Wengine watasema: afadhali niweke akiba yangu mwenyewe. Sawa, akiba haiozi. Lakini tufanye hesabu. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa franki 160 kwa siku hapa Bujumbura na Gitega, na franki 105 kwingineko. Kiwango hicho kilikaa zaidi ya miaka 30 bila kuguswa, na bei za sokoni hazikukingoja. Ni kweli kwamba sehemu nyingi hulipa zaidi ya hapo, lakini sheria ikiwa chini hivyo, mfanyakazi hana pa kusimama anapodai. Kumwambia mtu wa namna hiyo aweke akiba ya uzee peke yake ni kumwambia achote maji kwa kikapu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kila aliyepita miaka arobaini aende INSS, au amtume mjumbe wa chama, kuuliza hesabu ya michango yake. Karatasi za mshahara zisifungiwe karanga. Ziwekwe kwenye bahasha pamoja na hati za ndoa na za watoto.

Pili, wazee wetu walikuwa na ikibiri: leo tunalima shamba lako, kesho langu. Tuirudishe kazini. Vikundi vya kuweka na kukopa viko Buyenzi, Kinama na vijijini, na wanawake wametutangulia. Kikundi cha watu ishirini kinaweza kumnunulia mmoja miwani mwezi huu na kumlipia mwingine daktari mwezi ujao.

Tatu, mambo ya mwili yaingie kwenye madai yetu. Mwenye miaka ishirini ya zamu za usiku aombe kuhamishiwa mchana. Wanawake wachague mjumbe mwanamke wa kusema habari zao, na sisi wanaume tusicheke.

Mwajiri akituambia tujitegemee, tumjibu kwamba tunajitegemea tangu zamani, na sasa tunataka aonyeshe risiti za michango yetu. Anayejisaidia peke yake anamsaidia mwajiri kusahau deni.

Mkutano ujao kila mmoja aje na kadi yake ya INSS. Asiyejua iliko aanze kuitafuta leo.

Umoja ni nguvu.